Tola Mbili Mfukoni

Kazi ya Bagula ingemlaza punda, lakini Bagula hakulala. Chukua risasi, weka juu ya mizani, soma namba, toa. Chukua, weka, soma, toa. Mia na themanini nukta moja: sinia la katikati. Mia sabini na tisa nukta tisa: sinia la katikati. Mia sabini na saba nukta nne: ndoo. Hakulala, hakuchoka, na wala hakufurahi. Tangu walipomzika mama yake kule Buffalo, kwenye theluji ya Februari ya mwaka jana, mambo hayo yote yalikuwa yamefunga duka na kwenda zao.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la matairi, South End, Louisville. Mwenye mali alikuwa Mzee Harlan, Mmarekani mwenye sharubu nene mno, hata maneno yake yalitoka kama chai iliyopita kwenye kichujio: machache, na mengine yamebaki ndani. Mzee Harlan aliyeyusha madini, akayamimina kwenye kalibu, na kila kalibu ilipofunguliwa vilidondoka vichwa vya risasi viwili vinavyong'aa. Vichwa tu, bila ganda wala baruti. Wateja wake walikuwa wazee wenye bunduki za zamani, wanaoshindana kulenga shabaha kila mwisho wa wiki, na wazee hao walikuwa wachaguzi kuliko bibi harusi.

Kisa cha kupima ni hiki. Risasi nyepesi ina pango la hewa tumboni. Kwa nje inang'aa kama wenzake, huwezi kuijua, lakini ikiruka inayumba kama mtu aliyetoka kilabuni, inatua pembeni. Na iliyozidi uzito nayo ina kasoro yake, pengine kalibu haikufunga vizuri. Zote hizo zinarudi chunguni zikayeyuke upya. Zinazobaki lazima ziwe sawa.

Bagula hakulijua hilo wiki ya kwanza. Alichagua zile nzito kuliko zote, akampangia mteja mkubwa boksi zima kwa heshima kubwa. Mteja akarudi Jumatatu na karatasi ya shabaha iliyotobolewa huku na kule, kana kwamba kuku ameingia kwenye unga.

"Sitaki nzito," Mzee Harlan alisema, kadiri sharubu zilivyomruhusu. "Nataka pacha."

Venance, Mtanzania aliyekuwa akipaka risasi mafuta kwenye meza ya pili, alicheka mpaka akashika ubavu. "Ndugu yangu, kwani ulidhani unauza dhahabu?"

Ndivyo Bagula alivyodhani hasa.

Mama yake alikuwa mnunuzi wa dhahabu kwao Kamituga, mji wa machimbo. Wachimbaji walimletea vumbi lao kwenye vipande vya karatasi, naye alilipima kwa mizani ndogo ya vitanga viwili, vilivyoning'inia kwa nyuzi kwenye mkono wa shaba. Vipimo vidogo vilikuwa njiti za kiberiti. Kipimo kikubwa kiliitwa tola. Jioni, wateja wakiisha, alimwambia mwanawe afumbe macho, akamwekea kitu kiganjani. "Ngapi?" Akikosea, anapigwa kidogo kisogoni. Akipatia, anapewa karanga. Kufika miaka kumi, Bagula aliijua tola kama anavyolijua jina lake.

Basi siku Mzee Harlan alipomwekea risasi ya kwanza kiganjani, hapa Louisville, ng'ambo ya bahari yote hiyo, mkono ulijisemea wenyewe: tola. Alienda kuuliza kwenye simu. Tola ni mia na themanini kwa grein, kipimo cha mizani ya karakana. Risasi ya Mzee Harlan ni grein mia na themanini. Dunia ina utani wake, na haumwombi mtu ruhusa.

Siku hiyo alichagua mbili zilizosoma mia na themanini nukta sifuri, asubuhi na jioni, huku na huku, bila kutikisika. Mzee Harlan akampa ruhusa azichukue. Tangu hapo zilikaa kwenye mfuko wa suruali yake. Ungemuuliza za nini, asingejua.

Nyumbani hakuna aliyejua kazi yake. "Naweka vitu kwenye maboksi," aliwaambia, na huo haukuwa uongo. Baba yao alikufa kwa risasi moja, barabara ya Mwenga, Bagula akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu hapo dada yake mkubwa, Cibalonza, hakuwahi kulitamka hata neno lenyewe. Alisema "ile kitu." Sasa nenda umwambie mtu wa namna hiyo kwamba unaamka kila asubuhi kuchambua ile kitu ili ipige sawasawa.

Alhamisi, saa ya kula, simu ikalia. Cibalonza, kutoka Cheektowaga, kando ya Buffalo, na vipande vyake vya Kifaransa.

"Bagula, unakula?"

"Ninakula, yaya." Alimwita yaya, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa.

"Unakula nini?"

"Mkate."

"Mkate si chakula. Bon. Jumamosi tunatoa matanga ya mama, msiba uishe, unajua. Columbus, kwa Chimène, ili kila mtu aendeshe nusu ya njia."

"Nitakuja."

"Donc, kuna jambo." Sauti yake ikashuka, kama mtu aliyefunga mlango. "Nilikuwa nasafisha mizani ya mama, nipate kuiweka mezani na vitu vyake vingine. Chini ya kitanga cha kushoto nimekuta waya. Waya ya shaba, imekunjwa, imebandikwa na nta ya mshumaa. Imefichwa. Bagula, mama alikuwa anawaibia watu."

Bagula alitazama mkate wake. "Mizani ilikuwa inalala sawa, yaya. Nilikuwa naiona kila siku."

"Mwizi gani anaacha mizani ilale upande mbele ya watu? Weye ulikuwa mtoto. Mimi ni shemasi mwaka wa sita huu. Nimesimama kanisani mara ngapi nikisema mama yetu alitulea kwa mkono safi? Jumamosi nitaomba msamaha mbele ya wote, kwa niaba yake. Kisha ile mizani nitaitupa."

"Wapi?"

"Ziwani. Ziwa Erie iko kubwa, haitauliza."

"Usiitupe. Nipe mimi."

"Siku ya kumzika hukuomba kitu, Bagula. Hata chozi hukuliomba. Watu wa Buffalo mpaka leo wananiuliza, yule kaka yako iko mgonjwa? Na leo unaomba mizani?"

"Naomba mizani."

"Njoo Jumamosi," alisema, akakata.

Bagula alirudi kwenye kigoda. Alijipekua ndani kama mtu anayetafuta funguo kwenye koti: hasira, hapana; aibu, hapana; hamu ya kulia, hakuna. Alichojua ni kwamba anaitaka ile mizani, na kwamba mama yake hakuwa mwizi. Alivijua hivyo viwili kama mtu anavyojua kwamba leo ni Alhamisi.

"Oya," Venance alisema. "Umeweka mia sabini na saba kwenye sinia la katikati."

Bagula akatazama. Kweli. Miezi kumi na tisa kazini, hakuwahi.

"Kuna mtu kafa?" Venance aliuliza, akitaka kutania, kisha akakumbuka. Akajikaza kupaka mafuta risasi ambayo alikwishaipaka.

*

Jumamosi saa sita mchana nyumba ya Chimène, binamu yao, ilikuwa imejaa mpaka viatu vilikosa pa kukaa mlangoni. Sombe ya majani ya muhogo ilikuwa jikoni, bugali ilikuwa inasongwa na wanawake wawili kwa zamu, na watoto walikuwa ghorofani wakigombana kwa Kiingereza. Shangazi Kanyana, dada ya marehemu baba, alikuwa amekalia kiti chenye mito mitatu kama mfalme aliyeumwa mgongo.

"Huyu ni Bagula?" aliuliza. "Njoo nikuone. Umekonda. Louisville hakuna chakula, ao hakuna mke?"

"Vyote viwili, shangazi."

"Kimoja kinaleta kingine. Kaa."

Waliomba, wakaimba, wakala. Kisha Cibalonza akasimama, kitenge cheusi kimefungwa sawasawa, akatandika kitambaa cheupe mezani. Juu yake akapanga vitu vya mama: miwani, kitabu cha nyimbo, vikuku viwili, kitenge cha harusi. Mwisho akaitundika mizani kwenye kijiti chake, na kando yake akaweka bahasha. Kutoka kwenye bahasha akatoa kikunjo cha waya, kidogo kuliko punje ya mchele, akakiweka peke yake katikati ya weupe wote ule.

Akawaeleza. Hakupamba. Alisema alichokikuta na pale alipokikuta, na kila neno lilimgharimu. Alipomaliza, hata jikoni mwiko ulikuwa umesimama.

Bagula aliinuka. Hakupanga kuinuka; miguu ilifanya hivyo. Akasogea mezani. Mizani ilikuwa imelala upande, kitanga cha kulia kimeshuka, cha kushoto kimepaa. Akakishika cha kushoto, akakipitisha kidole ukingoni. Palikuwa pamemeguka. Kipande kama ukucha wa mtoto hakikuwepo.

"Hapa pamevunjika," alisema. "Kitanga hiki ni chepesi. Waya ilikuwa inajaza pengo."

"Lini pamevunjika?" Cibalonza aliuliza.

"Siku ile ya baba. Weye ulikuwa shuleni Bukavu. Walipokuja kumwambia mama, alikuwa anapima. Mizani ilianguka kwenye saruji."

Shangazi Kanyana alishusha miguu chini. "Ngoja. Ngoja kwanza. Mimi nilikuwepo siku ile. Watu wote tunalia, nyumba imejaa. Mama yenu halii. Anasema, nipeni mshumaa. Nikafikiri anataka kuombea. Nikampa. Kumbe ..." Akautazama ule waya.

Bagula alikiokota kikunjo, akaipasha kwa pumzi nta iliyobaki, akakibandika mahali pake. Mkono wa mizani ukapanda, ukashuka, ukatulia. Sawa. Watu wakaguna kwa nafuu, na mtu mmoja akasema haleluya kabla ya wakati wake.

Maana Ngarambe, mume wa Cibalonza, alikuwa anatikisa kichwa. Ngarambe alifanya kazi kiwandani Tonawanda, lakini ujana wake aliuza dhahabu, na ujanja wa biashara ile ulikuwa bado umemkaa kama harufu ya samaki kwenye kikapu.

"Shemeji, mimi nakupenda," alisema. "Lakini hiyo haitoshi. Kamituga wezi walifanya hivyo hivyo. Unasogeza uzi kidogo tu kwenye mkono, upande mmoja unakuwa mrefu. Halafu unatia waya, mizani tupu inalala sawa, kila mtu anaridhika. Ukiweka mzigo, ndiyo inaiba. Mizani tupu haina ushahidi. Weka vitu viwili vya uzito mmoja, huku na huku. Hapo itasema."

"Na wewe ulijuaje hayo?" shangazi akamuuliza.

"Niliibiwa, shangazi."

"Mm," alisema shangazi, na ile mm ilikuwa na hadithi nzima ndani yake.

Chimène alileta sarafu mbili za robo dola. Akaziweka, moja huku, moja huku. Mkono wa mizani ukayumba, ukashuka polepole upande wa kulia, ukakaa hapo. Si sana. Kiasi cha njiti mbili za kiberiti. Lakini kwa dhahabu, njiti mbili ni chakula cha watoto wa mchimbaji.

Cibalonza alifumba macho. "Imetosha," alisema. "Naiondoa."

"Sarafu si pacha," alisema Bagula.

"Zote ni robo dola, shemeji."

"Moja imezunguka mifukoni miaka thelathini, nyingine jana imetoka. Zinasema kitu kimoja, hazipimi kitu kimoja."

"Basi pacha utawatoa wapi?"

Bagula alijua. Mkono wake ulikuwa umekwishaingia mfukoni na kuzikuta, zikiwa na joto la mguu. Akamtazama dada yake. Alijua angalau hili: akizitoa, mama atatoka na jina lake, na yeye pengine hatatoka na dada. Alisubiri woga uje umwambie la kufanya. Woga haukuja. Basi akafanya lile ambalo mkono umelizoea.

Akaondoa sarafu. Chukua, weka. Chukua, weka.

Vichwa viwili vya risasi vilikaa kwenye vitanga vya mama, vyeupe-kijivu, vikizungukazunguka kidogo. Mkono wa mizani ukapanda. Ukashuka. Ukapanda tena, kidogo. Ukasimama sawa kama maji kwenye beseni. Akavibadilisha, cha kushoto kulia, cha kulia kushoto. Sawa. Ngarambe aliinama mpaka pua ikakaribia nyuzi, akatazama upande huu, akatazama upande ule, akavua kofia.

"Ni safi," alisema. "Mizani hii ni safi. Mama mkwe, nisamehe."

Hakuna aliyeshangilia. Cibalonza alikuwa hatazami mizani. Alikuwa anatazama kilichokaa juu yake.

"Iko nini hizi, Bagula?"

"Tola mbili."

"Bagula."

"Ni vichwa vya risasi, yaya. Havina baruti. Hiyo ndiyo kazi yangu. Napima. Zilizo sawa naweka kwenye boksi, zisizo sawa zinarudi motoni."

Ghorofani mtoto alilia, akanyamazishwa. Cibalonza alikaa kwenye kiti cha karibu.

"Zinaua nini?" aliuliza, taratibu.

"Karatasi."

"Nini?"

"Karatasi, yaya. Imechorwa duara. Wanaitundika mbali kule, wanalala chini kwa tumbo, wanaipiga. Wakimaliza wanaenda kupima mashimo yako karibu karibu namna gani."

"Watu wazima?"

"Wazee. Mmoja ana miaka themanini na mbili. Akikosa analia."

"Mzee wa miaka themanini," Cibalonza alisema, "anatoka kwake asubuhi, anaacha chai, anaenda kulala chini kwa tumbo kuua karatasi?"

"Na anataka risasi ziwe pacha."

Shangazi Kanyana ndiye aliyeanza. Ilitoka kama kikohozi, ikawa kicheko, mito ikateleza, na Ngarambe akadakia, na wale wa jikoni nao. Cibalonza alijizuia kadiri shemasi anavyoweza, kisha akashindwa. Alicheka akiwa ameshika kitambaa cheupe, na katikati ya kicheko, bila kituo, akawa analia. Alimlilia mama, alimlilia baba, aliulilia ule waya. Chimène akamshika mabega.

Bagula hakucheka, hakulia. Alisimama akiitazama mizani, na alipoona kila mtu yuko na mtu, akawa anawaza kama bugali imebaki.

Baadaye Cibalonza alifuta uso, akaja mezani. Alizitoa zile mbili kwa ncha ya kitenge, ngozi yake isiziguse, akazidondosha kiganjani mwa kaka yake. Kisha akaifunga mizani kwenye kitenge cha harusi cha mama.

"Ni yako," alisema. "Lakini hizo hazipandi tena juu yake. Leo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Umesikia?"

"Nimesikia, yaya."

"Na ile kazi sijaipenda. Usifikiri nimeipenda kwa sababu nimecheka."

"Sijafikiri."

Alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta kitu. "Na kulia?"

"Bado."

"Bon." Akamnyooshea kola ya shati ambayo haikuwa na shida yoyote. "Mama pia hakulia mbele ya watu. Kula kabla hujaenda."

*

Aliendesha hadi Louisville mizani ikiwa kwenye kiti cha pembeni, ameifungia mkanda kama abiria. Jumatatu alirudi kwenye kigoda. Chukua, weka, soma, toa. Venance aliuliza Columbus palikuwaje, akaambiwa palikuwa na sombe.

Jumanne ilikuwa siku yake ya mapumziko. Asubuhi aliinjika maharage, kisha akaitundika mizani juu ya kabati la jikoni, dirishani. Akatafuta cha kupima. Risasi alikatazwa, na dhahabu, labda ndotoni. Akafikiria punje za mchele, akaona ni mchezo wa kitoto. Akaiacha tupu. Ikalala sawa. Waya ulikuwa mahali pake, chini ya kitanga kilichomeguka, na kwenye nta, alipoinama, aliona alama ya kidole. Ilikuwa ya zamani, na haikuwa ya kwake. Cha kwake kilikuwa kimebonyeza pembeni tu.

Alisimama hapo. Sijui muda gani. Yeye mwenyewe hajui. Alisimama hadi kile kidude cha moshi cha darini kilipoanza kupiga kelele kama jogoo aliyekanyagwa, na maharage yalikuwa makaa, na jikoni hapakuonekana.

Alifungua dirisha, akachukua kitenge cha mama, akapunga moshi utoke. Upepo wa kitenge ukaipata mizani. Kitanga kimoja kikapaa, kingine kikashuka, juu, chini, juu, chini. Bagula akaacha kupunga. Kidude kiliendelea kupiga kelele, jirani akagonga ukuta, naye akasubiri, kitenge mkononi, mpaka mkono wa mizani ulipopungua, ukapungua, ukatulia.